Kipandauso kinachoanzia machoni: kijue mapema

Wadau, hiki ni kitu ambacho natamani ningekisoma kabla ya mtihani wangu wa kidato cha nne. Ilikuwa siku ya Hesabu. Nipo swali la sita, namba zikaanza kupotea. Naona 4, ya pembeni yake haipo. Nikadhani karatasi imechapwa vibaya. Mara likaja duara la mwanga, kingo zake meno meno kama msumeno, linachezacheza kama taa mbovu ya tyubu. Baada ya dakika 20 hivi likaisha, halafu kichwa upande wa kulia kikaanza kugonga. Nikatoka kutapika. Nusu ya karatasi ilibaki nyeupe.

Nyumbani kila mtu na lake. Bibi akasema nimetupiwa kitu. Mama akasema malaria, nikameza dozi bila kupima. Duka la miwani wakasema macho mazima. Mwaka ukapita ndipo daktari mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akachora mistari ya msumeno, akaniuliza, "Ni hivi?" Jamani, nilitaka kulia.

Ni nini hasa?
Ni kipandauso chenye aura. Aura ni zile dalili zinazotangulia maumivu: mwanga, sehemu isiyoona, wengine ganzi mkononi au maneno kugoma kutoka. Huja polepole, na kila dalili hudumu kati ya dakika 5 na 60. Wengi wenye kipandauso hawaipati kabisa.

Tatizo liko kwenye ubongo, si kwenye macho. Ndiyo maana ukifumba jicho lolote, ule mwanga bado upo. Ukiwa kwenye jicho moja tu, hiyo ni habari nyingine, muone daktari.

Inakuwaje?
Mwaka 1944 mtafiti wa Brazil, Aristides Leão, alieleza wimbi linalotambaa juu ya ubongo, kama milimita 3 kwa dakika. Linapopita, seli zinachangamka kupita kiasi, kisha zinanyamaza. Kuchangamka ndiyo ule mwanga, kunyamaza ndiyo ile sehemu isiyoona. Na hatuko peke yetu: daktari Mwingereza Hubert Airy alichapisha michoro ya aura yake mwenyewe mwaka 1870.

Ufanye nini?
- Kama unaendesha bodaboda, paki pembeni. Usijikaze.
- Kaa penye giza na utulivu, kunywa maji.
- Meza dawa mapema maumivu yanapoanza: ibuprofeni au asprini. Wenye vidonda vya tumbo na wajawazito waulize kwanza. Chini ya miaka 16 hakuna asprini.
- Usimeze dawa za maumivu kila siku. Zikizidi, zenyewe zinaleta maumivu ya kichwa.
- Andika kwenye daftari siku, usingizi, chakula, hedhi. Mimi nilikuja kugundua ni kukesha na kuruka mlo.
- Kikirudi mara kwa mara, zipo dawa za kuzuia kama propranolo (si kwa wenye pumu). Daktari ndiye anaandika.

Dada zangu, hii ni yenu
Aura inaongeza kidogo hatari ya kiharusi. Sigara na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaiongeza zaidi. Mwambie mhudumu kwamba una aura, atakupa njia nyingine.

Kimbia hospitali kama:
maumivu yamekuja ghafla kama radi, upande mmoja wa mwili umelegea, una homa na shingo imekakamaa, au aura imepita saa moja. Na ikiwa ndiyo mara yako ya kwanza, kapime usikisie.

Mimi nimejisajili kurudia Hesabu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Safari hii nitalala mapema, nitakunywa chai kabla ya kutoka, na msimamizi nitamwambia mapema. Kama na wewe unaona ule msumeno, tuandikie hapo chini unavyokuja kwako. Tupo pamoja.