Mundu katika Damu: Utafiti wa A. C. Allison na Nchi za Homa

Delta ya Mto Rufiji ni nchi ya maji mawili. Maji ya mto hushuka kwa mafuriko, na maji ya bahari hupanda kwa bamvua hata ndani ya mikoko. Wakulima wa mpunga wamejifunza kuishi baina ya hayo mawili. Katika delta hiyo, na katika nchi ya Kibiti iliyo kaskazini ya mto, malaria ni ugonjwa wa tangu zamani. Mtoto aliyeshikwa na mtukutiko wa homa husemwa katika pwani kuwa ana degedege, na wazee waliudhania kuwa kazi ya pepo ajaye kwa umbo la ndege.

Watu waliwezaje kudumu vizazi vingi mahali ambapo homa iliua watoto kiasi hicho? Sehemu ya jibu imo katika damu yao, nayo ilianza kufunuliwa mbali na mabonde, katika safari ya kwenda mlimani.

Anthony Clifford Allison alizaliwa Afrika ya Kusini mwaka 1925, akalelewa katika shamba la wazazi wake katika Bonde la Ufa la Kenya. Mwaka 1949, alipokuwa mwanafunzi wa Oxford, alijiunga na msafara wa chuo hicho uliokwenda Mlima Kenya. Wenzake walitafuta mimea na wadudu. Yeye alikusanya damu. Aliona kwamba chembe nyekundu zinazojipinda kama mundu zilipatikana kwa zaidi ya watu 20 katika kila 100 miongoni mwa makabila ya pwani na ya kando ya Ziwa Victoria, lakini katika nyanda za juu hazikufika hata kwa mtu 1 katika 100. (Neno selimundu, lililotungwa baadaye, laeleza hali hii vema kuliko sikoseli la kukopa, kwani mvunaji wa mpunga aujua mundu.) Mwaka huohuo Linus Pauling na wenzake walionyesha huko Marekani kwamba asili ya ugonjwa huo ni tofauti katika hemoglobini yenyewe.

Aliyerithi hitilafu hiyo kwa wazazi wote wawili alikuwa akifa mapema. Basi kwa nini haikutoweka? Allison alifikiri kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga ya malaria. Haki yataka isemwe kwamba daktari E. A. Beet alikwisha kuona dalili za jambo hilo katika Rhodesia ya Kaskazini mwaka 1946. Lakini Allison ndiye aliyelifuata mpaka mwisho. Mwaka 1953 alipima watoto 290 karibu na Kampala. Vijidudu vya malaria vilionekana kwa asilimia 27.9 ya wenye hali ya mundu, na kwa asilimia 45.7 ya wasio nayo. Kisha akawaambukiza malaria Wajaluo 30 waliojitolea: kati ya 15 wenye mundu waliugua 2, na kati ya 15 wasio nao waliugua 14. Hesabu ni wazi, walakini kumpa mtu mzima ugonjwa kwa makusudi ni jambo ambalo msomaji wa leo hawezi kulipita bila kusita.

Ushahidi ulio mzito zaidi ulitoka Musoma, Tanganyika, nao ulichapishwa mwaka 1956. Miongoni mwa watoto wachanga 287, waliorithi kwa mzazi mmoja walikuwa 89, na kwa wazazi wote 9. Miongoni mwa watu wazima 654, idadi hizo zilikuwa 249 na 5. Yaani kundi la kwanza lilipanda toka asilimia 31 hadi 38, na la pili likakaribia kwisha. Kifo kilikuwa kimepita hapo katikati, kikichagua.

Mwaka huohuo wa 1956 iligunduliwa Marekani kwamba dawa ya primakwini huvunja chembe za damu za watu waliorithi upungufu wa kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfeti dehidrojenasi. Kimeng'enya hiki huiwezesha chembe kutumia sukari kwa njia inayoilinda na sumu za oksijeni. Mara nyingi asiye nacho cha kutosha huishi salama mpaka ale baadhi ya dawa au vyakula. Mwaka 1960 Allison alionyesha kwamba upungufu huo nao, katika Afrika ya Mashariki, umefuata ramani ya malaria. Mwaka uliofuata, pamoja na D. F. Clyde, aliandika juu ya malaria ya watoto wa Tanganyika wenye upungufu huo.

Baadaye Allison aliiacha malaria, akaongoza maabara ya magonjwa ya mifugo Nairobi, kisha akashiriki Marekani kutengeneza dawa ya kuzuia mwili usikatae figo iliyopandikizwa. Alifariki mwaka 2014.

Kwa nchi kama Rufiji na Kibiti, urithi huo una upande wa pili: damu iliyosaidia kuwahifadhi wazee yaweza kumdhuru mjukuu anapotibiwa. Mwaka 2008 dawa ya malaria yenye dapsoni iliondolewa sokoni kwa kuwa ilivunja damu ya wenye upungufu huo. Primakwini nayo yatakiwa, kwa maana huua vijidudu ambavyo mbu hubeba kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri itolewe mara moja tu, miligramu 0.25 kwa kila kilo ya uzito, bila kupima damu kwanza. Kiasi hicho ni theluthi ya kile cha zamani.