Mguu wa Kulia

Tarehe 24 Julai 1926, huko Belle Vue, Manchester, mbwa aina ya greyhound walianza kumkimbiza sungura wa bandia aendeshwaye kwa umeme. Uwanja ni wa mviringo, na mbwa hugeukia kushoto daima. Hivyo mguu wa nyuma wa kulia hubeba mzigo mkubwa, na mfupa mdogo wa kifundo hupasuka. Mara nyingi hutibika. Lakini tiba ni ghali, na mbwa asiyekimbia haleti fedha. Wengi waliuawa. (Mick the Miller, bingwa wa 1929 na 1930, alipokufa ngozi yake ilijazwa ikawekwa makumbusho!) Sheria ya kulazimisha kila uwanja wa England uwe na daktari wa mifugo, na uandike majeruhi wake, ilikuja mwaka 2010.