Wakfu na Mamlaka ya Wazee wa Pwani
Husemwa kwamba mzee anayezidisha ibada ameanza kuiaga dunia: mambo yake amemwachia Mungu, yeye anangoja. Historia ya wakfu katika pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja na Pemba, hainiruhusu kukubali. Katika miji hiyo, kumwachia Mungu mali ndiko kulikokuwa njia imara ya mtu mzima kuendelea kuamua nani akae nyumbani kwake, minazi yake imnufaishe nani, na aombewe dua na nani akishakufa.

Sheria ya Kiislamu ilimfunga mwenye mali. Wasia hauvuki theluthi moja, wala haumwongezei mrithi fungu pasi na ridhaa ya wenzake. Kinachobaki hugawanywa kwa mafungu yaliyokwisha kuwekwa. Wakfu ulikuwa nje ya mipaka hiyo, mradi uwekwe kabla ya maradhi ya mauti. Ukiwekwa ndani ya maradhi hayo, nao huhesabiwa katika theluthi. Basi mzee hakuweza kusubiri hadi alale kitandani. Ilimpasa, akili zake zikiwa timamu, ataje mbele ya mashahidi shamba na mipaka yake, wanufaika kizazi baada ya kizazi, na mwishowe, kizazi kikikatika, maskini au msikiti. Hati zilishuka hadi kwenye mambo madogo: mafuta ya taa za msikiti, mikeka, ujira wa msomaji wa Kurani kaburini. Na ingawa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, hayamruhusu mtu kujiwekea wakfu nafsi yake, yanamruhusu kuwa msimamizi wake maisha yake yote. Mali si yake tena, ila funguo anazo yeye.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwangu, ni wa waliokuwa watumwa. Aliyeachwa huru na bwana wake hakukatika naye kisheria: akifa bila jamaa wa kumrithi, mali ilirudi kwa bwana au ukoo wake. Mwanamke aliyeletwa Unguja utotoni kutoka bara angeweza kufanya kazi miaka mingi, akajenga nyumba ya udongo Ng'ambo, kisha akazeeka akijua kwamba yupo anayeingoja nyumba hiyo. Wakfu ulimpa jibu. Akiiweka kwa ajili ya msikiti wa mtaa, au wenzake walioachwa huru pamoja naye, ukoo wa bwana haukuwa na cha kudai. Mwenye nyumba sasa alikuwa Mungu, na hakuna bwana wa duniani aliye juu yake.

Watakuwepo watakaosema kwamba hiyo ilikuwa hila ya mali iliyovikwa kanzu ya dini. Majaji wa Kiingereza walikaribia kusema hivyo. Mwaka 1894, katika kesi ya Bengal, baraza la rufaa la makoloni jijini London lilibatilisha wakfu wa familia kwa hoja kwamba fungu la maskini lilisogezwa mbali mno hata likawa jina tupu. Uhindi ilitunga sheria ya kuuhalalisha mwaka 1913, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 baraza lilelile liliutumia msimamo huo dhidi ya wakfu wa Mombasa. Naona walikosea, kwa sababu katika fikihi kumtunza jamaa ni sadaka yenyewe. Mzee aliyewawekea wajukuu shamba alitafuta thawabu ya sadaka inayoendelea baada ya kifo, na alilipanga shamba kwa uangalifu kwa kuwa aliiamini thawabu hiyo.

Gumu zaidi ni kwamba uamuzi wa mzee mmoja uliweza kuwafunga walio hai. Wapo waliowapa wana wa kiume manufaa na kuwaacha nje watoto wa mabinti. Hilo silitetei. Linaonyesha tu jinsi mamlaka hayo yalivyokuwa ya kweli, kwani fikihi huliheshimu sharti la mwekaji kama andiko la sheria. Serikali za kikoloni zilipounda kamisheni za wakfu, Mombasa kwa sheria ya mwaka 1900 na Unguja miaka michache baadaye, usimamizi ulianza kuingia mikononi mwa maofisa wasiomjua mzee wala mtaa wake. Hata wao walitakiwa kuanza kwa kuisoma hati yake.