Walifukia Kidimbwi Ili Weusi Wasiogelee

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo ni historia, lakini nianze na ya nyumbani.

Likizo iliyopita nilimpeleka mdogo wangu kwa mazoezi ya michezo ya watoto katika bustani moja ya umma. Ana miaka 11 na anatumia kiti cha magurudumu. Mazoezi ni ya bure, pesa ni ya mlipa kodi. Msimamizi alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Huyu atatuchelewesha. Mrudishe tu nyumbani." Kijana hakulia. Aliniuliza tu kama tunaweza kupita pale kwa mahindi choma.

Mamangu aliposkia akasema, "Achana nao, baba. Mwenye nguvu mpishe."

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo iligoma. Kusoma sikuacha. Usiku huo nilikumbuka kisa cha mama mmoja mpishi wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Anaitwa Georgia Gilmore. Wakati wa mgomo wa mabasi wa 1955 na 1956, Weusi walipokataa kupanda mabasi kwa siku 381, huyu mama alikuwa anapika na kuuza chakula ili kuchangia pesa za usafiri. Kazi ya hotelini ilimponyoka. Akaendelea kupika kwake nyumbani.

Mgomo ulishinda kwa mabasi. Bustani zikabaki vile vile. Mwaka wa 1957 jiji la Montgomery lilipitisha sheria ndogo: ni kosa Mzungu na Mweusi kutumia bustani au kidimbwi cha kuogelea ambacho hakikutengewa rangi yao. Kosa la faini na jela, eti kwa sababu ya kukaa kwa nyasi! Mwaka huo huo kijana wa Gilmore, Mark, alikatiza njia kupitia bustani ya Oak Park. Polisi wakampiga.

Huyo mama angeweza kumpisha mwenye nguvu. Badala yake, Desemba 1958, yeye na wenzake walienda mahakamani. Malalamiko yao ukiyafupisha ni haya: sisi ni wakaazi, tunalipa kodi, bustani ni za umma, na mnatufungia kwa sababu ya rangi.

Hapa ndipo story inakuwa noma. Jiji halikungoja hukumu. Kuanzia Januari 1, 1959, lilifunga bustani zake zote. Zote! Hata za Wazungu. Kidimbwi cha Oak Park kikafukiwa, wanyama wa bustani ya wanyama wakauzwa. Jaji Frank Johnson aliamua mwaka huo kwamba sheria ile inavunja katiba, lakini hakuwaamuru wafungue. Watoto wa rangi zote wakakaa bila bustani hadi 1965. Zilipofunguliwa, vidimbwi havikurudi. Fikiria mtu anakubali mtoto wake mwenyewe akose kuogelea, bora tu wa jirani pia akose.

Na haikuishia hapo. Mwaka wa 1969 watoto wawili Weusi walikataliwa kwa kambi ya likizo ya YMCA ya Montgomery. Familia zao zikashtaki. YMCA ikajitetea kwamba yenyewe ni shirika la kibinafsi. Lakini kesi ilifukua makubaliano ya siri ya 1958: jiji lilikuwa limegawana kazi ya michezo na YMCA. Yaani ubaguzi ulitolewa mlango wa mbele, ukaingizwa kwa dirisha. Korti ikasema hapana, kama unafanya kazi ya jiji, katiba inayolibana jiji inakubana na wewe. Na faili ya Gilmore yenyewe ilikuwa bado hai. Mwaka wa 1974 ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, sasa ikihusu shule za kibinafsi za Wazungu watupu zilizokuwa zinapewa viwanja vya jiji zivitumie peke yao. Mahakama ikakubali kwamba hilo lisimamishwe.

Miaka 15 na zaidi. Ndio maana simwambii mtu kwamba barua ya malalamiko ni dawa ya haraka. Ninachosema ni kwamba bila ile karatasi ya 1958, kila ujanja mpya ungeanza kupingwa kutoka sufuri. Karatasi ilikuwa inawangoja.

Baadaye Wamarekani walirahisisha njia. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza ubaguzi wa rangi au asili katika mradi wowote unaopokea pesa za serikali kuu, na mtu anaweza kuandikia idara inayotoa hizo pesa, kwa kawaida ndani ya siku 180, bila wakili. Sheria ya 1990 ikaongeza ulemavu, na bustani za miji zimo.

Na sisi? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 27, inakataza ubaguzi na inataja ulemavu waziwazi. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote pa umma kwa njia inayofaa. Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya haki za msingi, na korti inaweza kukubali hata barua ya kawaida. Kabla ya korti kuna Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo inapokea malalamiko bure. Tuko na haya yote, halafu tunamalizia hasira kwa simu.

Kwa hivyo nimeandika. Ukurasa mmoja: tarehe, saa, mahali, maneno aliyosema, nani alikuwepo, na tunachotaka. Hatutaki pesa. Tunataka mtoto aingie. Nilipeleka nakala mbili, moja nikarudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Mama aliisoma mara mbili kimya. Kisha akasema nimesahau kuandika kwamba kijana alikuwa amevaa viatu vipya siku hiyo. Sikuongeza. Lakini ile nakala ya muhuri ameiweka kwa bahasha ya vyeti vya kuzaliwa.