Gurudumu Kubwa, Resori Ile Ile: Historia Inatufundisha Nini?



Leo sitaongea juu ya mihogo wala mahindi. Nitaongea juu ya gurudumu, na juu ya kosa moja ambalo niko nalo rohoni tangu mwaka uliopita.

Yaya wangu alinunua Toyota IST ya mtumba, iliyopitia Dar es Salaam kama gari nyingi za hapa Kalemie. Alitaka kupakia watu na unga kwenye njia ya Nyunzu, lakini gari ilikuwa inagonga tumbo chini kila fasi. Miye njo nilimshauri: "Yaya, tia janti kubwa, gari itapanda." Alinisikiliza, juu mimi njo nilisoma ku université. Tukatoa pine za 185/65 R15, tukaweka za 215/55 R17. Resori na amortisere tuliacha zile zile. Siku mbili gari ilipendeza macho. Siku ya tatu tuliweka watu watano na mifuko ya unga, na pine zikaanza kusugua bodi kila tulipoingia ndani ya shimo. Mbele ya kufika, ubavu wa pine moja ulikuwa umekatika. Pesa ya msimu mzima ilibaki njiani. Yaya hakunisema hata neno moja, na hiyo njo iliniumiza zaidi.

Tangu siku ile nilianza kusoma: waliotutangulia walishindaje barabara mbaya?

Tuanze na Ford Model T, iliyotoka Marekani mwaka wa 1908. Wateja wake wengi walikuwa wakulima, na njia zao zilikuwa matope kama zetu za mwezi wa pili. Gari hiyo ilikuwa na magurudumu marefu na membamba, yenye inchi 30 kutoka juu mpaka chini. Lakini siri haikuwa gurudumu peke yake. Ford aliweka resori moja ya kukingama mbele na moja nyuma, hivi kwamba gurudumu moja liliweza kupanda juu ya kisiki na lingine kubaki shimoni bila gari kuvunjika. Gurudumu na resori vilizaliwa pamoja.

Tuje karibu na kwetu. Tarehe 28 Oktoba 1924, gari nane za Citroën ziliondoka Colomb-Béchar, kule Algeria, zikiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Safari hiyo inaitwa Croisière Noire. Mwaka uliofuata zilipita Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, zikaendelea mpaka Kampala. Zilipitaje kwenye mchanga na matope? Fundi Adolphe Kégresse, aliyewahi kutunza magari ya mfalme wa Urusi, hakuongeza ukubwa wa gurudumu la nyuma. Aliliondoa kabisa! Akaweka mkanda wa mpira unaozunguka juu ya magurudumu madogo, pamoja na mtambo wake wote wa kubeba uzito. Alibadilisha mguu mzima, siyo kiatu tu.

Mfano wa tatu uko hapa nyumbani. Sisi watu wa Ankoro tunateremka na Lualaba mpaka Kabalo, fasi reli ya Kalemie inapita. Reli hiyo ilifika ziwani mwaka wa 1915, na upana wake ulikuwa mita moja kamili. Reli ya BCK, upande wa Kamina, ilikuwa na milimita 1.067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini treni ya huku haikuweza kutembea kule. Mwaka wa 1955 reli yetu ikapanuliwa ili njia hizo mbili zikutane. Kazi hiyo haikuweza kufanyika nusu: ukisogeza chuma cha chini, lazima na magurudumu ya kila behewa yafuate.

Na ile Land Cruiser pick-up ambayo wote tunaitamani, ya aina ya 70 iliyoanza mwaka wa 1984? Ni kweli, iko na pine ndefu za 7.50 R16. Lakini angalia chini yake nyuma: utaona resori za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Hizo njo zinabeba mzigo.

Sasa turudi kwa IST ya yaya, na hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mbele ya kufungua mdomo. Pine ya 185/65 R15 iko na urefu wa karibu milimita 622. Ya 215/55 R17 iko na milimita 668. Tofauti ni 46, lakini gari inapanda nusu yake tu: sentimita mbili na kidogo. Wakati huo pine imenenepa kwa sentimita tatu, na nafasi ndani ya bodi ni ile ile. Ukipakia, resori inalala, na ile nusu nyingine inakutana na bodi. Tena kilometa zinadanganya: saa ya gari ikionyesha 60, unakimbia zaidi ya 64, na breki ni zile zile.

Sisi waagronomu tunajua jambo hili shambani. Ukipanda mbegu bora kwenye udongo uliochoka, usilaumu mbegu. Nilijua hivyo kwa mahindi, nikasahau kwa gari.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kama una mpango wa kubadilisha janti, uliza mbele: resori itabeba? Bodi iko na nafasi gari ikiwa imejaa? Breki itatosha? Jibu likiwa hapana, acha pine za zamani, tengeneza resori kwanza na upunguze mzigo. Yaya amerudia R15 zake, na sasa anapakia watu wanne.

Mimi ninamlipa ile pine kidogo kidogo.