Stadi za Juu za Kufikiri katika Vitabu vya Kiingereza vya Shule za Msingi

Stadi za juu za kufikiri ni uwezo wa kuchambua, kutathmini na kubuni, zaidi ya kukumbuka yaliyosomwa. Katika vitabu vya kusoma vya Kiingereza, hutafutwa hasa kwenye maswali ya ufahamu yanayofuata hadithi. Kipimo cha kawaida ni ngazi za Benjamin Bloom na wenzake za mwaka 1956, zilizorekebishwa na Lorin Anderson na David Krathwohl mwaka 2001: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchambua, kutathmini na kubuni. Tatu za mwisho ndizo za juu.

Kupanga maswali kwenye ngazi hizo huonekana kazi nyepesi. Sivyo. Tuchukulie hadithi ya Amina aliyetumwa sokoni. Kuuliza alinunua nini ni kupima kumbukumbu. "Kwa nini alirudi mbio?" linasikika zito zaidi, lakini ikiwa aya ya pili imeshasema alikimbia kwa sababu mvua ilikuwa karibu, mtoto atanakili tu. Ondoa sentensi hiyo, bakiza mawingu meusi na nguo alizoacha kambani, na swali lilelile litamlazimu aunganishe dalili. Nalo "Unapenda samaki?" halina jibu moja, ila halimfikirishi mtu. Kumtaka aeleze kama Amina alikosea kuondoka bila chenji yake, akijitetea kwa yaliyomo hadithini, ndiyo tathmini.

Nchini Kenya, mtaala wa umilisi uliosambazwa kitaifa mwaka 2019 umeweka kuwaza kwa kina na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na mada zake huambatana na maswali dadisi. Kwa upande mwingine, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa mtaala uliotangulia, KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, ulipima ufahamu kwa majibu manne ya kuchagua. Mtindo huo unaweza kudai uchambuzi, lakini haumpi mtahiniwa nafasi ya kujitetea.

Kikwazo kingine ni lugha yenyewe. Mtoto wa gredi ya nne huweza kuwa na hoja nzuri kwa Kiswahili, Kiingereza chake kikaishia maneno matatu. Vitabu vizuri humpa vianzio vya sentensi na mjadala wa wawiliwawili kabla hajaandika.

Kisha kuna kiongozi cha mwalimu, ambacho wahakiki hukisahau mno. Kikichapisha jibu moja kwa swali la maoni, mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha atatia vema jibu hilo tu, na darasa litajifunza kulikisia.