Mchungaji wa Kijijini katika Tamthilia ya Televisheni: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Ukambani

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa tamthilia za mfululizo katika Afrika Mashariki umejishughulisha zaidi na maudhui ya mapenzi, uzazi wa mpango na migogoro ya kifamilia. Mhusika mmoja hupitwa bila kutazamwa, ingawa huingia karibu kila nyumba ya kijiji kinachosawiriwa. Huyu ni mchungaji. Yeye ndiye anayebatiza, kuoza, kuzika na kupatanisha, lakini mhakiki humchukulia kama sehemu ya mandhari.

Makala hii inanuia kuonyesha kwamba mhusika huyu hawezi kueleweka pasipo historia ya mahali anapohudumu. Tutaanza na kasisi wa kijiji cha Kiingereza, ambako umbo hili la tamthilia lilikomaa. Kisha tutamlinganisha na mchungaji wa Ukambani, hasa upande wa Nzaui na Kalamba katika Makueni. Swali letu ni hili: je, mtunzi wa Kikenya anapomwandika mchungaji wa kijijini, anamwandika nani?

2.0 Kasisi wa Kiingereza na Kazi Yake ya Kisanaa

Tamthilia ya kijiji ilipata umbo lake redioni. Mchezo wa The Archers ulianza kutangazwa kote Uingereza na BBC tarehe 1 Januari 1951, na miongoni mwa malengo yake ya awali lilikuwamo la kuwafundisha wakulima. Kwa upande wa televisheni, Emmerdale Farm ilianza tarehe 16 Oktoba 1972, na tangu 1989 ikaitwa Emmerdale. Kasisi wa kijiji amekuwa na nafasi ndani yake tangu miaka ya mwanzo.

Kasisi anayetufaa zaidi kwa mjadala huu ni Ashley Thomas, aliyeigizwa na John Middleton kuanzia 1996 hadi 2017. Watunzi hawakumfanya malaika. Katika sehemu moja ya masimulizi anamdhulumu baba yake mzee, Sandy, na mtazamaji analazimika kuuliza kama mtu wa namna hiyo bado anastahili mimbari. Baadaye anashikwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Mnamo Desemba 2016 kipindi kizima kilisimuliwa kwa kumfuata yeye, hivi kwamba mtazamaji alipotea pamoja naye. Alifariki katika masimulizi ya Aprili 2017.

Yafaa tuangalie kilichowawezesha watunzi kufanya hivyo. Kwa utaratibu wa Kanisa la Uingereza, parokia ni eneo la ardhi, na kila mkaazi wake, awe muumini au la, ana haki fulani kwa kasisi wake. Kasisi hupewa nyumba na posho na kanisa, naye kwa kawaida ni mgeni aliyepangiwa kazi hapo. Kwa hiyo mtunzi anapata mtu mwenye ruhusa ya kubisha kila mlango, asiye na shamba la kugombania wala ukoo wa kutetea. Ugeni wake ndio unaompa nafasi ya kusikiliza siri za wote.

3.0 Nzaui na Baada Yake

Historia ya Ukambani ni tofauti. Msafara wa kwanza wa African Inland Mission, ukiongozwa na Peter Cameron Scott, uliwasili mwaka 1895 na kujenga kituo chake cha kwanza Nzaui. Vituo vya Sakai, Kilungu na Kangundo vikafuata. Scott mwenyewe alifariki Desemba 1896, na wenzake wengi wakafa au wakaondoka. Mwaka 1903 makao makuu ya misheni yalihamishiwa Kijabe.

Mmojawapo wa kundi lile la kwanza, Willis Hotchkiss, ameacha kisa kinachomhusu moja kwa moja mwanafunzi wa fasihi. Anaeleza kwamba alitafuta kwa zaidi ya miaka miwili neno la Kikamba la kueleza wokovu, asilipate. Hatimaye alilisikia bila kuuliza, katika simulizi ya mtu aliyeokolewa kutoka kwa simba. Mhubiri alilipata neno lake kuu kwa kunyamaza na kusikiliza hadithi ya mwenyeji. Ni dhahiri kwamba mamlaka ya lugha hayakuwa mikononi mwake.

Tena mhubiri huyo hakukuta ombwe. Palikuwa na wazee wa ithembo, yaani mahali pa sadaka, na palikuwa na mũndũ mũe, mganga na mpiga ramli. Mwaka 1922 Ndonye wa Kauti alijitangaza nabii, na serikali ya kikoloni ikamkamata na kumhamisha. Mwaka 1945 Simeon Mulandi aliasisi Africa Brotherhood Church, kanisa lililoongozwa na Waafrika wenyewe. Na mwaka 1971 misheni ilikabidhi shughuli zake kwa Africa Inland Church.

Kutokana na mabadiliko haya mchungaji wa Kalamba akawa mwana wa mahali. Ana shamba, na mvua ikikosekana mahindi yake hukauka sawa na ya jirani. Hutarajiwa katika mwethya, yaani kazi ya ujima. Anayemjia kwa ushauri kuhusu mpaka wa shamba huenda akawa binamu yake. Kasisi wa Kiingereza husikiliza kwa kuwa yu nje ya ugomvi, ilhali mchungaji huyu husikiliza akiwa ndani yake.

4.0 Mchungaji Jukwaani na Runingani

Waandishi wetu wa jukwaa waliliona jambo hili mapema. Katika The Black Hermit ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoigizwa Kampala mwaka 1962, Mchungaji na wazee wa kijiji wanamwania kijana yuleyule, Remi, kila upande ukiwa na shabaha yake. Mchungaji si msuluhishi, ni mshindani. Katika Aminata ya Francis Imbuga (1988), Mchungaji Ngoya amekwisha kufa mchezo unapoanza, lakini uamuzi wake wa kumrithisha binti yake ardhi ndio unaosukuma msuko wote. Mgogoro wa imani na mila unaamuliwa juu ya udongo.

Televisheni ilifuata njia nyingine. Tushauriane, iliyoanza 1987 wakati mchezo wa redio wa Ushikwapo Shikamana ukitangazwa, ilitungwa kwa kufuata mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico. Mbinu hii huwagawa wahusika katika makundi matatu: wa kuigwa, wa kuepukwa, na wale wanaobadilika hatua kwa hatua. Haina ubaya yenyewe, ila ina mtego kwa mhusika tunayemjadili. Mtunzi huvutwa kumweka miongoni mwa wa kuigwa, naye akishawekwa huko hubakia na kazi ya kutoa mawaidha tu. Akikataliwa huko, huangukia upande wa pili na kuwa tapeli wa kuchekesha. Pande zote mbili zinamnyima mabadiliko, na bila mabadiliko hakuna mhusika wa kumfuata kwa miaka mingi.

5.0 Hitimisho

Tumeona kwamba nguvu ya Ashley Thomas haikutokana na joho lake, bali na watunzi kukubali kwamba anaweza kukosa, kuugua na kusahau. Hilo laweza kuigwa. Lisiloweza kuigwa ni ugeni wake. Mtunzi atakayemhamishia Kalamba kasisi asiye na shamba wala jamaa atakuwa ameandika kijiji kisichokuwapo. Watazamaji wa huko watalitambua kosa hilo kabla ya mhakiki.

Tunapendekeza kwamba mchungaji wa Ukambani aandikwe kama mhusika anayebadilika: mtu anayetakiwa kuamua kesi ambayo yeye mwenyewe ni mshiriki, mbele ya waumini waliomjua akichunga mbuzi. Wanafunzi wetu wanaoandika miswada ya televisheni wanaweza kuanzia hapo. Wanapokusanya habari zao, inafaa wafanye kama Hotchkiss alivyolazimika kufanya, yaani kuketi na kusikiliza wenyeji wanavyosimulia kabla ya kumtungia mchungaji maneno yake.